Mbuzi wa Wageni na Mabati ya Darasa la Tano

Nathanieli alikuwa mtu wa wageni. Akisikia pikipiki inapanda kilima, jembe linabaki pale pale kwenye kibanja. Yeye anakwenda kunawa miguu na kutafuta kanzu.

Hii ilikuwa huko Muleba, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mkoa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nathanieli alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi hiyo ya Ijumaa mkewe Kokwijuka alikuwa nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Ndizi za siku zile, mkungu mmoja watu wawili wanasaidiana kuubeba. Lakini hayo tuyaache, tutapotea njia.

"Baba Celina," Kokwijuka akasema, "leo huendi shamba la kijiji?"

"Nitaenda. Kichwa kinauma."

"Ni kichwa au ni mkutano?"

Ulikuwa mkutano.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, alitakiwa kusimama mbele yao na kusema ukweli. Pesa ya kijiji haitoshi. Darasa la tano lilikuwa na kuta tu. Watu walifyatua matofali kwa mikono yao, wakaimba, wakajenga, wakafika juu. Juu hakuna kitu. Serikali ilisema italeta mwalimu, lakini ilitaka kuona paa kwanza. Bila paa, watoto wanaomaliza la nne watembee mpaka shule ya misheni, kushuka bonde, kuvuka mto. Mvua za masika zikija, mto unajaa. Wengi walikuwa wanaachia masomo hapo.

Na Celina, binti wa Nathanieli, alikuwa la nne. Alishaingia ndani ya zile kuta akachagua mahali pake pa kukaa, karibu na dirisha.

"Njia ziko mbili," Nathanieli akasema. "Niongeze mchango kwa kila nyumba, au darasa lingoje mwakani."

"Uongeze mchango kwa nani? Kwa yule mjane wa Buberwa, anayeuza ndizi ndipo apate chumvi?"

"Basi darasa lingoje."

Kokwijuka aliacha kumenya. "Hilo umwambie Celina mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

Hapo kengele ya baiskeli ikalia njiani. Alikuwa Klaudia, bibi maendeleo kutoka Muleba madukani. Nathanieli ndiye aliyemwita aje kusaidia kufikiri. Kumwona tu, kichwa kikapona.

"Damian," akaita juu ya ua. "Mgeni huyu. Lete mbuzi."

Damian alikuwa jirani mfuga mbuzi. Mbuzi wote wa wageni wa kijiji walitoka kwake, naye hakuwahi kuchelewa. Mara akatokea na mbuzi mweusi, sikio moja jeupe.

"Huyu ana mafuta, mwenyekiti. Pesa nitachukua kwa mweka hazina kama kawaida."

Akamfunga kwenye mti wa mbuni. Klaudia alikuwa bado ameshika baiskeli.

"Huyu mbuzi ni wa nani?" akauliza.

"Wako, waitu," Nathanieli akasema kwa heshima na furaha.

"Nani anamlipa?"

"Kijiji."

"Kijiji hiki kilichoniita kwa sababu hakina pesa?"

Mzee Bartholomayo, mjumbe wa kamati, alikuwa ameshakaa kwenye mkeka kusubiri nyama. Akakohoa, akatazama pembeni.

"Mgeni ni mgeni," Nathanieli akasema. "Baba yangu hakuacha mgeni aondoke na njaa."

"Baba yako alikuwa anampa nini?"

"Anampa akamwani kwanza. Halafu anakula kilichoko chunguni."

"Basi nipe hivyo hivyo. Akamwani nyingi, nina kazi nazo."

Akamwani ni zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa, mtu anatafuna. Mhaya akikukaribisha bila kukupa hizo, hajakukaribisha. Kokwijuka akaleta kikapu kimejaa. Klaudia akachukua mbili, akatafuna, akashukuru. Halafu akazimwaga zote katikati ya mkeka. Kila mtu akashangaa, maana buni za mgeni hazimwagwi.

"Punje moja ni shilingi kumi," akasema. "Niitieni mweka hazina."

Mweka hazina alikuwa kijana anaitwa Mujuni, mwenye sauti ndogo. Alitaja pesa iliyoingia mwaka ule: faida ya duka la kijiji, kahawa ya shamba la ujamaa, michango. Klaudia akahesabu punje, akaweka fungu moja kubwa.

"Hili ndilo lililoingia. Sasa tutoe. Zahanati mlitoa nini?"

Mujuni akasema. Klaudia akatenga fungu la dawa. Akatenga la lori la kupeleka kahawa Bukoba. Akatenga la shule: chaki, madawati, saruji kidogo.

"Na wageni?"

Mujuni akamtazama mwenyekiti.

"Sema tu, kijana," Nathanieli akasema. "Wageni ni kitu kidogo."

Mujuni akaanza. Mbuzi wa bwana afya. Mbuzi wa watu wa ushirika. Mbuzi wawili siku ya kuzindua kisima, ambacho bado hakijatoa maji. Klaudia anaweka punje. Kreti za soda kutoka Kashai, mjini Bukoba. Nauli ya mtu aliyefuata soda.

"Kulikuwa na bia pia," Damian akakumbusha.

"Bia hatukununua," Nathanieli akasema. "Mimi ni Mlutheri."

"Ulinunua ukasema ni ya wageni Wakatoliki."

Kokwijuka akacheka mpaka akakaa chini. Fungu la wageni likazidi kukua. Mwisho likawa kubwa kuliko fungu la shule, hata mtoto angeona.

"Umehesabu vibaya," Nathanieli akasema. "Rudia."

Klaudia akarudia. Safari hii fungu la wageni lilibaki vile vile, lakini la shule lilikuwa limepungua. Wote wakatazama mkeka. Halafu wakamtazama Bartholomayo. Shavu lake limevimba, taya linakwenda taratibu.

"Mzee," Kokwijuka akasema, "umetafuna chaki za watoto."

"Nilidhani ni akamwani," Bartholomayo akasema.

"Ni akamwani. Ndiyo hatari yake."

Wakacheka wote, hata Mujuni. Nathanieli peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia lile fungu. Alikuwa anaona ndani yake kila mgeni aliyemsifu, kila mkono aliopewa. Na pembeni kile kifungu cha shule, kimeliwa kidogo na Bartholomayo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema polepole.

"Siyo wewe peke yako, nyama ililiwa na wengi," Klaudia akasema. "Sikia, mwenyekiti. Pesa zikipungua, watu wanakimbilia njia mbili. Wanaongeza mchango, au wanakata shule, kwa sababu mtoto hapigi kelele kwenye kamati. Njia ya tatu ni kuangalia kwanza pesa inapita wapi. Nyumbani kwako chumvi ikipungua, unauza mgomba?"

"Siuzi. Mgomba ndio unalisha kesho."

"Shule ndiyo mgomba wenu. Kata majani makavu, usikate shina. Halafu kuna kinachoingia. Kahawa ya shamba la kijiji mnaanika wapi?"

"Chini. Uwanjani."

"Na mnachuma?"

"Tunakamua tawi zima," Damian akasema. "Nyekundu, za kijani, zote. Ni ya kijiji bwana, nani ana muda? Za kwangu nachagua."

Alisema, halafu akasikia alichosema. Akakuna kichwa.

"Ndiyo maana ushirika wanaipanga daraja la chini," Klaudia akasema. "Ina mawe, ina udongo, ina mbichi. Kahawa ni ile ile na jasho ni lile lile, mnalipwa kidogo. Chumeni nyekundu tu. Jengeni vichanja vya miti, mtandike mikeka ya mafunjo, ikauke juu. Hapo kijiji kinapata zaidi na hakuna mtu aliyeongezewa mchango."

"Mikeka tutasuka sisi," Kokwijuka akasema. "Mafunjo yapo bondeni, hayauzwi."

Mchana wakala ndizi na maharage na dagaa wa ziwani. Klaudia akaongeza sahani. Mbuzi akabaki amefungwa, anakula majani ya mbuni ya mwenyekiti.

Jumapili mkutano ukajaa. Nathanieli akasimama. Mikono ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

"Ndugu zangu, mchango hauongezwi," akasema. Watu wakapumua. "Na kazi ya darasa haisimami." Watu wakatazamana. "Kinachosimama ni mbuzi wa wageni. Mgeni akija, atapewa akamwani, na atakula kwa mwenyeji wake kilichopikwa. Nimekula pesa zenu kwa kupenda kusifiwa. Sikuiba, lakini zimeliwa."

Damian akainua mkono.

"Mwenyekiti, nasikia mbuzi amepata uraia. Na mimi niliyekuwa namuuza, nitakula nini?"

"Utakula akamwani," mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, na mkutano ukamalizika kwa kicheko.

Kazi haikuwa rahisi. Wiki za kwanza wengine walikamua matawi kama zamani. Kokwijuka akakaa kwenye kichanja na kuwarudishia za kijani mbele ya watu. "Hizi ni zako, taata, rudisha mtini ziive." Wakaona aibu, wakaanza kuchagua. Damian naye akawa fundi wa vichanja, kumbe mikono yake ilijua zaidi ya kamba ya mbuzi.

Msimu ukafika. Ushirika wakapima kahawa ya kijiji, wakaishika, wakainusa, wakaiweka daraja la juu. Mujuni alirudi kutoka Bukoba anatembea haraka kuliko kawaida yake. Ile pesa iliyoongezeka, pamoja na ile ambayo haikuliwa na wageni, ilitosha mabati. Misumari ilipungua kidogo, wakanyoosha ya zamani. Januari mwalimu akaletwa, kijana mmoja mrefu anaitwa Rweyemamu, na darasa likaanza.

Sasa siku ya kulifungua rasmi, mkubwa mmoja akaja kutoka wilayani na Landrova. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nathanieli alikuwa amegeukageuka sana kitandani.

"Tumchinjie huyu mmoja tu," alimwambia mkewe. "Atasema nimekuwa mchoyo."

"Lala," Kokwijuka alimwambia.

Mgeni akakaribishwa ndani ya darasa, akapewa akamwani kwenye kikapu kipya. Akatafuna. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta hewa kama anatafuta harufu ya moshi. Alikuwa amewahi kuja mwaka ule wa kisima.

"Mwenyekiti," akasema huku akitabasamu, "kijiji hiki kinajulikana. Mbuzi wangu yuko wapi?"

Bartholomayo akaacha kutafuna. Nathanieli akageuka kutazama darasa. Halafu akamwona Celina amekaa karibu na dirisha, mahali pake, anamtazama. Nathanieli akainua kidole juu.

"Yule pale, waitu," akasema. "Amelala juu ya paa. Zamani tulikuwa tunamla siku moja anakwisha. Huyu atakaa miaka mingi."

Mgeni akatazama mabati. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa, moja moja, halafu yote pamoja. Kelele zikajaa darasani mpaka hotuba haikuwezekana. Mgeni akacheka sana, akanyoosha mkono kwenye kikapu na kuchota tena. Watu wote wakatafuna, wakasikiliza mvua ikigonga paa lao, na hakuna aliyelowa.

Mara mlango ukasukumwa. Mbuzi mweusi mwenye sikio jeupe akaingia, amelowa chapachapa, akajikung'uta mbele ya mgeni.

Celina akasogea kidogo kwenye benchi ili mbuzi apite.