Gauni la Mabaki

Lile gauni kila mmoja alidhani limeshonwa na mwenzake, ndiyo maana miezi mitatu mizima ilipita bila mtu kuuliza.

Fundi na mkewe walikuwa watu wa kufanya kazi kimya. Mume alikata na kushona. Mke alipinda, akatia vifungo na kupiga pasi. Cherehani ikilia hawazungumzi, na cherehani ililia kutwa. Asubuhi moja mke aliingia dukani akakuta gauni dogo limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, limeungwa kwa vipande vya kila rangi, akajisemea moyoni, kumbe mume wangu ana huruma hivi. Fundi naye aliliona. Aligeuza upindo, akaona mishono midogo iliyonyooka kuliko hata yake, akajisemea, kumbe huyu mwanamke kaficha mkono wa namna hii miaka yote. Wivu ulimkaba kidogo, kwa hiyo hakulisifia.

Binti yao wa pekee, wa miaka saba, walimwita Kifaranga kwa sababu ya kifua chake, maana kilipiga miluzi kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Alikuwa na pumu. Daktari aliwaambia waziwazi wamtoe mtoto kwenye vumbi la nguo. Lakini chumba walicholala kilikuwa nyuma ya duka, na vumbi lile lile ndilo lililowalisha. Kila siku Fundi alikata vitambaa, na kila siku aliziona nyuzi nyembamba zikipepea kuelekea kitandani kwa mwanawe. Mtu akimwambia ana bahati ya kuwa na kazi, alitamani kumchoma sindano.

Kifaranga alilivaa lile gauni siku ya Ijumaa. Jumamosi kifua kilinyamaza.

Hakikunyamaza tu. Mtoto aliruka kamba mpaka wenzake wakachoka kumzungushia. Bati liliporuka kutoka kwenye paa la jirani, lilianguka pale pale alipokuwa amesimama, ila yeye alikuwa ameinama hatua mbili pembeni akifunga kiatu. Majina ya watoto mia tatu yalipotiwa ndani ya kofia ili mmoja apate nafasi katika ile shule nzuri yenye bustani, jina lililotoka lilikuwa lake.

Wateja dukani kila mmoja alikuwa na maelezo. Muoka mikate alisema ni nyota aliyozaliwa nayo. Mke wa Fundi alisema ni dua, na yeye ndiye aliyejua amezipiga ngapi. Mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mkavu asiyepaka mtu mafuta, alisema bahati haina sababu yoyote, inatokea tu, na anayeitafutia sababu anatafuta wa kumlaumu. Fundi alicheka kuliko wote. Mtu ambaye mtoto wake anapumua hucheka na lolote.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi hawapendi lisemwe. Nguo ya mita mbili na nusu, Fundi alikuomba mita tatu. Ukiuliza kwa nini, alikutajia mshono, alikutajia kitambaa kunywea kikifuliwa, alikutajia mambo mpaka ukaona aibu kuuliza. Nusu mita ile haikurudi kwako. Iliingia kwenye gunia chini ya meza ya kukatia. Hakuviuza vile vipande, wala hakuvifanyia chochote. Aliwaza tu kwamba kitu cha bure kimebaki kwake, na wazo hilo lilimliwaza. Si wizi, alisema, ni desturi ya kazi. Gunia lilikuwa na miaka kumi na moja.

Mtoto aliyepona hurefuka. Kifaranga alirefuka vidole viwili kwa mwezi, lakini gauni halikumfupia. Siku moja Fundi alimwita, akapiga goti, akaushika upindo. Palikuwa na ukanda mpya wa zambarau ambao mwanzo haukuwepo. Alikijua kitambaa kile. Ni cha sketi ya mwalimu wa darasa la pili, na mwalimu wa darasa la pili alikuwa hospitalini wiki ya tatu, ameteleza kwenye ngazi ya shule akavunjika nyonga. Juu ya ule ukanda palikuwa na mwingine wa manjano, wa shati la muoka mikate. Tanuri lilimlipukia muoka mikate mwezi uliopita, likamchukulia nyusi na jicho moja.

Kesho yake, cherehani ikiwa imenyamaza, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini:

"Hivi hili gauni la mtoto ulilishona lini?"

Mke aliinua uso. "Mimi? Si wewe?"

"Usinitanie, mama."

"Nikutanie nini? Mimi mkono wangu huujui?"

Wakatazamana. Ndipo wote wawili waliposikia harufu ambayo, walipoanza kukumbushana, ilikuwa humo ndani kwa miezi: harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Mke alinyoosha mkono akaigusa pasi. Ilikuwa baridi.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ya kufunga duka kwa muda, jua limewafukuza watu barabarani. Mke alikwenda uani kuwasha jiko. Fundi alibaki ameketi, akasikia mtu akinong'ona nyuma ya pazia la kona ya kupimia nguo. Si mkewe. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye adabu, sauti ya fundi aliye kazini.

"Bega, inchi kumi na moja. Mkono, kumi na tano. Usitikisike, bibie. Kifua."

Alinyanyuka, akaliendea lile pazia hatua kwa hatua, akaona chini yake nyayo mbili tu, nyayo ndogo za mwanawe, zimesimama sawasawa juu ya sakafu, hakuna nyayo nyingine, na bado ile sauti ikaendelea kuhesabu, na tepu yake mwenyewe, ambayo sekunde ile alikumbuka kuitafuta shingoni asiikute, ikasikika ikiteleza juu ya nguo, na alipolivuta pazia alimwona Kifaranga amenyoosha mikono kama anayevishwa, anatabasamu, na tepu inamzunguka kifuani peke yake, inakaza, inalegea, inashuka kiunoni, kisha ikasita, kama mtu anayegeuka kuona nani kaingia.

Tepu ikaanguka.

"Umemkimbiza," alisema Kifaranga, amenuna. "Alikuwa hajamaliza."

Fundi alimbeba mtoto mpaka uani. Mke alipomvua lile gauni alipiga ukelele akauziba kwa kiganja. Kwenye upindo palikuwa na ukanda mwingine, mweupe wenye madoa mekundu, bado una alama za chaki. Kitambaa kile kililetwa juzi tu na mdogo wa mke, mwenye mimba ya miezi saba, ashonewe gauni pana.

"Jana aliniambia mtoto hachezi tumboni," alisema mke. "Nikamwambia alale ubavu wa kushoto. Ee Mungu wangu, nikamwambia alale ubavu wa kushoto!"

Mganga walimpata kabla ya jua kuzama. Alikuwa bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesifika kwa kutoa majini na kuchukiwa kwa ulimi wake. Hakuja na ubani wala ngoma. Alisimama katikati ya duka akavuta harufu, akainama, akaliburuta gunia kutoka chini ya meza.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Umemwita."

"Mimi, bibi? Nimwite kwa lipi?"

"Miaka yote unakata kwa watu usichohitaji, na unapokata roho yako inamlilia mtoto. Yeye kakusikia. Kaona mnafanya kazi moja, akaja kukusaidia."

"Lakini kamletea mwanangu bahati."

"Kaitoa wapi? Unadhani imedondoka kutoka juu? Hawa hawaumbi kitu, fundi. Wanahamisha."

Masharti yake yalikuwa machache. Gauni lifumuliwe kwa mkono, uzi kwa uzi. Kila kipande kirudishwe kwa mwenyewe, na Fundi aseme kwa kinywa chake, nilikuibia. Gunia lichomwe.

"Na mwanangu?" aliuliza Fundi.

"Atarudi alivyokuwa."

"Alivyokuwa ni kufa, bibi."

"Alivyokuwa ni kuumwa. Wanaoumwa wako wengi. Usimfanye wako kuwa wa kwanza duniani."

Nilimchukia bibi yule nilipohadithiwa neno hilo, na bado sijaacha. Fundi alilikumbatia gauni akarudi nyuma mpaka ukutani. Alisema hatafumua. Alisema waende wakamwambie mwalimu, wakamwambie muoka mikate, wakamwambie yeyote, lakini yeye amemsikia mwanawe akilala bila miluzi na hawezi kuisikia tena ile miluzi akijua ni yeye aliyeirudisha. Mkewe alimwendea taratibu, wembe mdogo wa kufumulia mkononi.

"Ni ndugu yangu, baba'ke. Nimemlea mgongoni."

"Na huyu ulimbeba wapi?"

Mke alilia huku akinyoosha mkono, na mwishowe Fundi akaliachia. Hapo ndipo Kifaranga, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliposema:

"Mama, msilifumue. Mama mdogo si ana watoto wengine wawili?"

Wote watatu wakageuka.

"Nani kakwambia hivyo?" aliuliza mama yake.

"Nimefikiria mwenyewe. Yule fundi mwingine huwa anamwaga vitambaa chini, ananiambia ni vya nani na nani, kisha ananiambia nichague."

"Na mwalimu?"

"Alinichapa."

"Na muoka mikate, mwanangu? Yeye alikukosea nini?"

Kifaranga alifikiri, kwa dhati, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani. "Manjano yake ilikuwa nzuri tu," alisema.

Mganga alivua miwani akaifuta.

Mke akafumua. Kila uzi ulipokatika ilisikika pumzi ikivutwa kwa meno, mahali fulani karibu na sikio lake. Kwenye uzi wa tatu kifua cha mtoto kikaanza kupiga miluzi, kwenye wa kumi mtoto akakaa chini, na mama akaendelea, machozi yakilowesha vipande, mpaka uzi wa mwisho. Pazia likainuka bila upepo. Kitu kikapita kati yao na kutoka mlangoni, bila haraka, na ile harufu ikatoka nacho.

Gunia lilichomwa usiku ule ule; kurudisha vipande kulichukua siku nne. Muoka mikate alimzaba Fundi kofi moja, akakichukua kipande chake akaingia ndani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho akiwa kitandani.

"Kwa hiyo nilianguka kwa ajili ya kitambaa?"

"Ndiyo, mwalimu. Nilikuibia."

"Nilianguka kwa sababu ngazi ilikuwa na maji. Nenda nyumbani ukapumzike."

Lakini kipande hakukirudisha. Fundi alimwona akikisukuma chini ya mto. Baada ya wiki mbili mwalimu akaanza kutembea kwa fimbo. Mtoto wa mama mdogo alikuwa ameshacheza tumboni jioni ile ile ya kufumua, na miezi miwili baadaye akazaliwa wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Kifaranga alikuwa halali tena chali. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, midomo ya kijivu, na kila pumzi aliitafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Ile shule yenye bustani ilimpa nafasi yake mtoto mwingine, maana muhula ule alihudhuria siku sita tu.

Mama mdogo alikuja kuwaona, kachanga kake mkononi, akaleta na kitambaa chepesi cha kukashonea gauni. Kwa kuona haya walikuwa hawajamwambia kitu; kipande chake walikirudisha ndani ya gauni lake pana bila neno.

"Huyu mtoto ana bahati, dada," alisema, akikabusu shavu. "Nilidhani nimempoteza. Sijui mimi nimefanya wema gani!"

Dada yake alitabasamu. Alimpima mtoto, akaandika vipimo, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisimama kwa muda mrefu akisikiliza miluzi kutoka chumba cha nyuma.

Fundi alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Mke alifunga mlango wa duka kwa komeo. Alimtoa Kifaranga kitandani, akamketisha sakafuni akiegemea mguu wa meza, kisha akavishusha vitambaa vya wateja kutoka rafuni, kimoja kimoja, akavitandaza mbele yake, akimtajia kwa sauti ya chini ni cha nani.

Mtoto alimtazama. Alihitaji pumzi tatu kupata maneno.

"Na hiki cha mtoto wa mama mdogo... kimo?"

Mama yake akakishika, akakikunjua vizuri, akakisogeza karibu, mkono wa mtoto ukifikie.