Vyumba Kumi vya Elkana

Lorine wa chumba namba sita alirudisha ufunguo kabla ya mwezi kwisha, na dipositi yake hakuitaka. Mwanafunzi wa Rongo akuachie dipositi? Aka! Hapo tu Scovia, mwenye ploti, alipaswa kushtuka.

"Mama Liz, ile nyumba inavuja," Lorine alisema huku ameangalia chini.

"Inavuja wapi? Mabati ni ya juzi."

"Mvua ikinyesha nasikia matone ndani. Nikiangalia juu, kukavu. Halafu kuna harufu ya turubai lililolowa."

Scovia aliupokea ufunguo. Hilo neno turubai lilimchoma, na alijua kwa nini.

Yeye na mumewe Elkana walichukua mkopo wa sako, kile chama chao cha akiba na mikopo, wakajenga ploti ya vyumba kumi vya kupangisha karibu na chuo. Elkana alibeba mawe kwa mgongo wake ili wapunguze vibarua. Kila mwaka alimwambia mkewe, "Mama Liz, simba yangu kule Magunga ilianguka. Tuinue hata ya mabati manane." Simba ni ile nyumba ya mwanamume ndani ya boma la baba yake, bila hiyo, hata awe na mvi, kwao ni mgeni tu. Scovia alikuwa na jibu lake: "Nyumba isiyoleta kodi ni ya nini? Tumalize mkopo kwanza." Wakangoja. Elkana akaanguka akipaka rangi namba sita. Presha, na hospitalini hakufika.

Kule kwao maiti hulala usiku mmoja nyumbani kwake kabla ya kuzikwa. Asiye na nyumba hujengewa ya harakaharaka. Willis, mdogo wake marehemu, alikuja kwa shemeji yake kuomba pesa ya miti na mabati. Na Scovia, jamani, sijui alikuwa na moyo gani siku hiyo, alisimama mbele ya jeneza akasema, "Ana vyumba kumi Rongo, halafu mnasema hana nyumba?"

Pesa hakutoa. Elkana akalazwa chini ya turubai la kukodi, na mvua ikamnyeshea mpaka asubuhi.

Sasa Lorine ameondoka. Wiki iliyofuata namba tano akahama, kisha namba saba. Scovia akasema ni lazima aone mwenyewe. Jumanne saa tisa mchana mvua ilipoanza, akaingia namba sita akajifungia.

Akasikia tone. Akainua macho, dari kavu. Likaja tone lingine, karibu zaidi, na ile harufu ya turubai na udongo mbichi ikajaa puani, na huko koridoni kitu kizito kikaanza kujikokota kutoka chumba cha kwanza, kikashika kitasa, kikatulia, kikaenda cha pili, kikashika, kikaenda cha tatu, polepole, kama mgonjwa anayetafuta pa kujilaza, na kila kilipokaribia matone yalizidi mpaka saruji chini ya miguu yake ikawa tope, na kitasa cha mlango wake kikazunguka, na sauti aliyolala nayo miaka kumi na tisa ikauliza kwa unyonge, "Mama Liz, changu ni kipi?"

Walimkuta amezirai, nguo zimelowa.

Willis ndiye aliyemleta Rispa, mama wa maombi kutoka Magunga. Rispa alipita milango yote kumi akigusa vitasa.

"Mama, nitolee hilo jini," Scovia akanong'ona.

"Jini gani? Huyu ni wuon ot, mwenye nyumba. Wewe ulimwambia ana vyumba kumi. Amekuja kuchukua kimoja apumzike."

"Nifanye nini sasa?"

"Simba yake ijengwe. Kisha umkatalie hapa, kwa mdomo wako huohuo."

"Nimkatalie? Haya mawe aliyabeba yeye!"

"Najua, nyathina, mwanangu. Ukimwonea huruma, atazunguka hii milango milele."

Scovia alitoa pesa bila kuuliza bei, na Willis akaijenga simba kwa siku tatu. Mvua iliporudi Rongo, Scovia alisimama koridoni peke yake huku Rispa akimngoja getini. Kile kitu kikaja, kitasa kwa kitasa, kikafika mbele yake. Hakuona mtu. Aliona maji tu yakidondoka kutoka hewani, kwenye urefu wa mabega ya Elkana.

"Si vyako, Baba Liz," akasema.

"Si nilijenga?"

"Ulijenga." Akaushika ukuta wa mawe. "Lakini si vyako."

"Ni vya nani?"

Woi! Hapo machozi yalimshinda. "Ni vya sako. Tangu jiwe la kwanza ni vya sako, na mimi nilikuwa najidanganya mbele za watu. Nenda kwako. Willis amekujengea, mlango tumeuacha wazi."

Matone yakapungua. Alidhani ameshaenda, mpaka ile sauti ikamjia sikioni, baridi, bila hasira yoyote.

"Mbona hukunijengea nikiwa hai?"

Scovia alifungua mdomo, akakosa la kusema. Alipopata la kusema, koridoni palikuwa pameshakauka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.