Mkono Ulionuka Sabuni

Kila akirudi shule, Twila alitupa mkoba kitandani, akavaa ovaroli kuukuu la baba yake lililokunjwa miguuni, akaingia karakana. Wenzake wa miaka kumi na miwili walikuwa nje wakicheza, lakini yeye alipenda spana.

Baba yake, Orval Nygaard, alikuwa fundi wa kugeuza pikapu. Wafugaji wa bonde la Challis, kule Idaho, walimletea zile nzito zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Theluji ikizidi, gari la namna hiyo hukaa chini likachakura kama kuku. Orval aliling'oa vyuma vya mbele, akalitia ekseli yenye difu yake, lile tumbo la meno linalozungusha magurudumu, na gia boksi ya pili katikati, hadi magurudumu yote manne yakavuta.

Ijumaa hiyo ilikuwepo pikapu ya Bi Hulda Ekstrom, mjane aliyelisha ng'ombe wake juu mlimani. Ilibaki kutia oili kwenye difu ya mbele.

"Hiyo kazi yako, mwanangu," baba alimwambia. "Tia mpaka oili iguse kidole chako pale kwenye tundu la kujazia. Ndipo ufunge."

Kabla hajafungua kopo, Dale, jirani yao, akachungulia mlangoni, viatu vya kutelezea barafuni vikining'inia shingoni.

"We fundi! Giza linaingia. Au unaogopa kuanguka?"

"Nani anaogopa? Twende!" Twila alisema. Moyoni alijiambia, nitatia nikirudi.

Aliporudi, taa za karakana zilikuwa zimezimwa, na baba yuko mezani.

"Difu umeitia oili?"

"Ndiyo, baba."

"Kidole ulitia?"

"Nilitia."

Sasa, oili ya difu inanuka kama yai viza. Ukiigusa leo, hata keshokutwa watu watakukimbia. Mama alipopitisha viazi, Twila aliunusa mkono wake kwa siri. Ulinuka sabuni tu. Akauficha chini ya meza. Baba, aliyekuwa na mafua, hakunusa chochote. Alimtazama bintiye akatabasamu, na tabasamu hilo likamuuma Twila kuliko kofi. Akaazimia kuamka mapema aitie.

Usiku theluji ikamwagika. Twila alipokimbilia karakana asubuhi, alikuta sakafu tupu. Kopo la oili lilikuwa pale pale juu ya rafu, kifuniko hakijaguswa.

"Pikapu iko wapi, baba?"

"Bi Hulda kaja alfajiri. Kapakia majani makavu, kapanda mlimani. Ng'ombe wana njaa."

Twila aliyajua magari haya. Kwenye barabara nzuri difu ya mbele hulala tu, haizunguki. Lakini akifika penye theluji nene, Bi Hulda angeshuka na kuzungusha kwa mkono zile loku zilizo vitovuni mwa magurudumu ya mbele, zinazoyaunganisha na difu. Hapo meno ya difu yangesagana makavu hadi yakatike, naye angekwama mlimani katika baridi ile, peke yake.

"Baba... sikuitia oili. Nilikudanganya."

Orval hakupiga kelele. Alilitazama kopo, akamtazama mtoto. Kisha akaiwasha redio ya upepo iliyokuwa ukutani, inayosikika kwenye kila nyumba na gari bondeni, akamnyooshea kipaza sauti.

"Baba, sema wewe! Bonde zima linasikiliza Jumamosi."

"Aliyesema nimetia ni nani?"

Twila alibonyeza kitufe. "Bi Hulda, Bi Hulda. Ni Twila wa Nygaard. Usifunge loku! Difu ya mbele haina oili. Mimi... nilisema nimetia, na sikutia."

Redio ikakoroma. Ikaja sauti ya Dale, ikicheka. "Ee fundi mkubwa! Injini je, uliiweka?"

Mtu mwingine akacheka pia. Machozi yalimtoka Twila, lakini akabonyeza tena, akarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti zaidi.

Kisha ikaja sauti ya Bi Hulda: "Nakusikia, binti. Nimeshafunga loku moja, nikakusikia mlango ukiwa wazi. Naifungua sasa hivi. Nileteeni hiyo oili, nami nawasha moto."

Walipanda na gari la baba. Bi Hulda alikuwa amesimama kando ya pikapu, nyusi zimeganda. Twila hakuweza kumtazama. Alichukua kopo, akalala chali kwenye theluji, akaingia uvunguni. Baridi ilimchoma mgongo. Alitia polepole, hadi oili nzito ikagusa kidole chake na kumchuruzikia hadi kwenye kiwiko.

"Tayari," alisema akitoka. Kisha akamnyooshea baba kile kidole, bila kuulizwa.

Baba alikinusa. "Mafua yote yamepona," alisema, naye Bi Hulda akaguna kwa kicheko. Halafu Orval akainamisha kichwa. "Mama, na mimi unisamehe. Sikukagua."

"Nimewasamehe nyote." Bi Hulda alimfuta Twila theluji mabegani. "Sikia, mjukuu wangu. Hata mimi nasahau kazi, na anayesahau hukumbushwa. Lakini ukisema umefanya, unatufunga midomo sote. Baba yako angekukumbusha jana, wewe ukamzuia kwa neno moja. Siku nyingine sema bado. Ni aibu ya dakika moja, halafu kazi inafanyika."

"Nimesikia, bibi," Twila alijibu, macho chini.

Bi Hulda alizifunga loku, akaingia garini. Magurudumu yote manne yakauma theluji, pikapu ikapanda na mzigo wake hadi ng'ombe wakasikika wakilia kwa kuiona.

Jumatatu, darasani, Dale alijiziba pua. "Nani kaleta mayai viza hapa?"

Uso ulimwaka Twila. Mkono ulitaka kwenda chini ya dawati. Akauinua juu, wote wauone.

"Mimi," alisema. "Ni oili ya difu. Safari hii niliitia kweli."