Kibao cha Kanyiva

Katika Soko la Kenyatta, kichwa kimoja huhudumiwa na wasusi watatu. Wawili husuka, wa tatu huwagawia nywele za bandia, fungu baada ya fungu. Kanyiva alikuwa peke yake. Basi akaunda kibao chenye meno ya mbao. Ukitandaza nywele juu yake na kuvuta, fungu hutoka sawasawa kila mara. Watu walikuja kukitazama, naye akaringa sana. Aliwaambia wapige picha watakavyo.

Jumamosi moja alikuwa akimsuka Everlyn, karani wa wakili mjini. Karanja, mwenye karakana ya mbao karibu na Adams Arcade, akaingia.

"Sasa mathe! Niazime hicho kibao siku mbili tu. Fundi wangu akione, tutengeneze mob, tujaze soko lote."

"Chukua tu!" Kanyiva akasema kwa furaha.

"Wee, ngoja!" Everlyn akageuka ghafla, nywele zikamvuta. "Uuwi! Kanyiva, umekisajili?"

"Kusajili? Kwani hii ni gari?"

"Ni akili yako. Kuna ofisi ya serikali ya kusajili ubunifu. Ukipata cheti, mtu hawezi kukitengeneza auze bila ruhusa yako, miaka kumi. Ulianza kuonyesha watu lini?"

"Mwezi jana." Kanyiva alikumbuka zile picha, akaogopa.

"Hujachelewa. Sheria inakupa mwaka mmoja."

"Na sisi tukae tu tukiangalia?" Karanja akauliza.

"Hapana. Maelezo yake yatawekwa wazi, hata wewe utayasoma. Ukitaka kutengeneza, mnaandikiana mkataba. Ukibuni kizuri zaidi, unasajili chako."

Kanyiva akakikumbatia kibao chake. "Karanja, utarudi nikiwa na cheti."

Fomu ilitaka achore kila jino na kueleza kazi yake. Alipokuwa akichora, aligundua kwamba meno ya katikati hayana kazi. Akayang'oa. Kibao kikawa chepesi na bora kuliko mwanzo.

Cheti kilipotoka, Karanja alirudi, wakatia sahihi mkataba. Nzisa, msusi wa kibanda cha pili, ndiye aliyenunua kibao cha kwanza kutoka karakana. Akakigeuza, akasoma polepole, "Kimebuniwa na Kanyiva Masila."

Kanyiva, ambaye hakosi neno, alilia kwa furaha.

Nzisa akamsogelea, akanong'ona, "Hata mimi kuna kitu nimeunda. Nimekificha chini ya kitanda, nikiogopa wataniibia."

Kanyiva akapangusa macho, akavua aproni.

"Kilete," akasema. "Twende tukajaze fomu."