Daktari Alimsimamisha Mkewe Kwenye Mazishi ya Mume Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, mjane, mama wa watoto wanne, na ninaishi Nyakach, karibu na Katito. Wasomaji wenzangu, ninaandika haya kwa hasira. Msinitarajie nilie... machozi yalikwisha zamani.

Mume wangu aliendesha trekta ya kubeba miwa Muhoroni. Mwaka wa themanini na saba alishikwa na tumbo. Lilivimba, likawa gumu, akashindwa hata kunywa uji. Nikamkimbiza hospitali kubwa ya serikali mjini Kisumu, na nilipomwona daktari wa zamu nilimshukuru Mungu. Alikuwa kijana wa kwetu! Boma lao na letu yametenganishwa na mto tu. Ningemshuku vipi mtoto wa jirani?

Alimbonyeza mume wangu tumbo, akatikisa kichwa. Akasema mashine ya picha ya hapo imeharibika, nimpeleke kliniki moja ya mtaa wa Kondele. Nikamuuliza hiyo kliniki ni ya nani.

"Ni ya watu wazuri, mama. Waambie ni mimi nimekutuma."

Huko Kondele, mlangoni, alikaa mwanamke mnene mwenye mkufu wa dhahabu, wote wakimwita Madam. Hakuna mgonjwa aliyepita kabla ya kumlipa yeye. Picha ikapigwa, kisha wakasema alazwe apate dripu. Daktari wetu akaja jioni, akamtazama, akaniambia tungoje. Kesho yake akasema vilevile. Tungoje nini? Mume wangu alikuwa akilia kama mtoto! Nikauza ng'ombe wangu, shemeji zangu wakauza wao. Tulipoishiwa kabisa, ndipo daktari akaamua arudishwe hospitali ya serikali.

Daktari wa upasuaji aliyempokea huko alikasirika. Akaniuliza kwa nini nilimtoa hapo tangu mwanzo. Nikamwambia mashine yao ilikuwa imeharibika. Akanikazia macho...

"Mama, hiyo mashine haijaharibika. Huyu tungempasua siku ile ile."

Utumbo ulikuwa umejikunja, na sasa ulikuwa umeoza. Walimpasua hata hivyo. Hakuamka.

Sikuelewa. Kwa nini mtoto wa jirani anidanganye? Jibu lilikuja lenyewe siku ya mazishi.

Kwetu, anayesimama kusema mbele ya jeneza hutaja nyumba yake, kisha huwasimamisha watu wake waonekane. Daktari alikuja, maana jirani asipokuja kuzika husemwa. Akamsifu marehemu vizuri sana. Halafu, kwa mazoea tu, akageuka nyuma. "Na huyu ni mama ya watoto wangu. Simama wakuone."

Akasimama... Madam!

Nilikuwa nimekaa kando ya jeneza. Nikainuka.

"Bwana daktari, ile kliniki ya Kondele ni ya mke wako?"

"Mama, leo si siku ya hayo."

"Nilikuuliza ni ya nani. Ukasema ni ya watu wazuri."

Mkewe akaketi, akajifunika leso usoni. Aliyekuwa akiongoza mazishi akaanzisha wimbo haraka, kisha akamwita msemaji mwingine.

Mnafikiri kuna aliyenitetea? Wakwe zangu walisema nimeaibisha boma mbele ya msomi. Wazee wakataka nimpelekee daktari kuku, nimwombe radhi. Mimi nimwombe radhi yeye! Na bado anatibu, na kliniki imeongezwa vyumba.

Ndugu zangu, daktari akikutuma kwingine, asikutajie jina la mahali tu. Akuambie wazi kama yeye au mtu wa nyumbani kwake anakula hapo. Akikwepa swali, mchukue mgonjwa wako umpeleke kwa mwingine, hata kama mmezaliwa boma moja. Watakuita mkorofi. Waache wakuite, mradi mtu wako awe hai.

Wazee bado wananiuliza kuku atapelekwa lini. Nimewaambia nilimchinja, nikamla na watoto wangu.