Baiskeli Iliyofungwa Chumbani

"Ongeza! Usilegee, mke wangu!"

Mshale akaongeza. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye zulia, lakini ukuta ulibaki palepale mbele ya pua yake. Baiskeli ilikuwa imebanwa kwenye stendi ya chuma, na huu ulikuwa mwezi wa tano anakanyaga bila kufika popote.

Kabla ya hapo alikuwa akiwaacha wenzake milimani na kuwazungusha uwanjani mpaka wanaishiwa pumzi. Kisha siku moja, katika mzunguko wa mwisho wa mashindano, yeye na wenzake wawili walianguka pamoja. Mfupa wake wa bega ukavunjika. Mumewe, ambaye ndiye kocha wake, akambeba mikononi.

"Kesho nitoke barabarani, hata nusu saa tu."

"Daktari hajaruhusu. Unataka uvunjike tena?"

Mumewe akaenda kuoga. Simu ya mkewe alizoea kutembea nayo, eti asisumbuliwe. Leo aliisahau kitandani, nayo ikaita. Alikuwa daktari; Mshale akanyoosha mkono, akaipokea huku akikanyaga.

"Binti yangu, hujambo? Nimetazama orodha ya mashindano ya taifa, jina lako silioni. Bega linasumbua?"

"Si wewe uliyenikataza, daktari?"



"Mimi? Mfupa ulishaunga. Nilimpigia mumeo nikamwambia uko huru kurudi barabarani. Sasa ni miezi mitatu."

Miguu ya Mshale ikaacha yenyewe kukanyaga.

Mumewe alitoka na taulo kiunoni, povu la sabuni bado sikioni.

"Daktari amepiga," alisema Mshale.

"Amesema nini?"

"Niambie wewe. Si ndiwe mkalimani wake?"

Mwanamume akakaa kitandani.

"Wewe ulizimia, hukujiona. Mimi nilikuita mara saba, huitiki. Tangu siku ile nikikuona umeshika usukani, moyo unanitoka."

"Ndiyo ukanifungia ndani."

"Nakupenda."

"Nilikuwa nalia bafuni, nikidhani mwili wangu umekwisha. Ulikuwa unanisikia?"

Akainamisha kichwa.

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hapo ndipo palipomchoma Mshale kuliko uongo wenyewe. Akashuka, akachukua spana, akaanza kufungua nati za stendi. Hakuomba msaada.

"Nisamehe. Tutaanza upya. Nitakupangia mazoezi ya barabarani, taratibu..."

"Hunipangii tena."

"Mke wangu..."

"Ukocha wako umekwisha leo."

Akampigia mama mmoja mstaafu wa mbio za baiskeli, aliyekuwa akifundisha wasichana wa klabu nyingine na aliyewahi kumwalika ajiunge nao. Akamweka kwenye spika makusudi.

"Mama, ile nafasi bado ipo?"

"Ipo, mwanangu. Bega vipi?"

"Limepona. Ila nina woga."

"Woga njoo nao, tutapanda nao mlima. Lini?"

"Sasa hivi."

Alivaa kofia ngumu, akafunga kamba kidevuni, akainyanyua baiskeli begani. Lile lile lililovunjika. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, taulo ameishika kwa mkono mmoja, machozi yanamtoka waziwazi.

"Na mimi je? Mume naye umemtafutia mwingine?"

Mshale alimtazama. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anampenda, yote mawili kwa wakati mmoja.

"Mume sijamtafuta mwingine," alisema. "Bado."

Mumewe akajibana ukutani, akampisha apite.