Dole Gumba la Mzee Maige

Kabla hakujapambazuka, Getruda alikuwa akisuka maziwa. Kibuyu kilitoa sauti ya kila siku, na mumewe, Mzee Maige, akaamka kwenda zizini.

Hapo Kiseke walikuwa na nyumba ya bati na ng'ombe kumi na mmoja. Binti yao, Bernadeta, alikuwa India akisomea udaktari. Ada yake aliikopa kwenye kampuni ya mikopo ya watu binafsi mjini Mwanza. Miaka hiyo ya tisini kampuni kama hizo zilikuwa zinafunguliwa.

Siku hiyo ililetwa barua ya kampuni. Wote wawili hawakujua kusoma, wakamwita jirani yao Odeta. Odeta alikuwa karani wa benki kabla ya kupunguzwa kazini. Aliamkia, akaketi, akaisoma polepole mara mbili. Alisoma kwa sauti ndogo, wapita njia wasisikie.

"Baba, miezi mitano haijalipwa. Wanataka nyumba."

"Nyumba yangu? Aliyekopa ni Bernadeta."

"Lakini wewe ulitia dole."

Mzee Maige alieleza alivyoelewa. Ng'ombe wa mahari wakihesabiwa, mzee husimama upande wa mtoto wake. Alidhani dole ni hivyo hivyo. Hata koti la kanisani alilivaa siku ile.

"Alivyopendeza," Getruda alisema, "karani wa kampuni angempa karatasi kumi, angezitia dole zote."

Odeta hakucheka. "Kwenye mahari unashuhudia tu, baba. Hapa umekuwa mdhamini. Mtoto akishindwa, unalipa wewe."

Getruda aliuliza mbona deni limekua hivyo. Odeta akawaonyesha mstari. Mkopo ulihesabiwa kwa dola, na shilingi ilikuwa imeshuka. Tena riba ilianza siku fedha zilipotoka, si siku ya kumaliza masomo.

Wiki iliyofuata Odeta aliwapeleka kwenye kampuni. Aliomba hesabu yote kwa maandishi. Kisha akaomba deni ligeuzwe kuwa la shilingi, lilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Walikubali, ila nusu itangulie.

Ng'ombe tisa wakauzwa. Mzee Maige alimwita kila mmoja kwa jina akitoka zizini. Mnunuzi alivua kofia, akasubiri mpaka amalize.

Odeta alimwandikia Bernadeta pia, akamwambia asijifiche, aende akaeleze shida yake chuoni. Majibu yalikuja. Bernadeta alikuwa anakula mara moja kwa siku, akiona aibu kusema nyumbani. Sasa chuo kilimruhusu kulipa ada mara nne kwa mwaka, kikampa na kazi ya maktaba. Getruda aliomba asomewe tena pale pa kula mara moja, halafu akaingia ndani.

Nyumba ilibaki yao. Bernadeta alifanya mitihani yake, akafaulu. Zizini walibaki ng'ombe wawili, na majani yaliota.

Mwaka uliofuata Masele, jirani mwingine, alikuja na karatasi za mkopo wa mwanawe. Mzee Maige alimshika mkono.

"Usitie dole kabla hujasomewa. Uliza nani atalipa mtoto akishindwa. Uliza deni ni la fedha gani, na riba inaanza lini. Na kwanza kiulize chuo kama kina msaada."

Odeta akaja, akamsomea Masele kila ukurasa. Masele hakutia dole. Alimwomba Odeta amwandikie kwanza barua ya kwenda chuoni.

Odeta alipoinuka kuondoka, Mzee Maige naye aliinuka, akamsindikiza hadi njiani. Tangu ng'ombe waondoke alikuwa hasemi sana na watu.

"Uje tena, mwanangu," alimwambia. "Hata kama hakuna cha kusoma."